Ukerewe na Juist: jaribio moja, visiwa viwili

Mwezi Novemba mwaka 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kwamba itaipa kampuni ya Zipline hadi dola milioni 150, ili ipanue usafirishaji wa damu, chanjo na dawa kwa ndege zisizo na rubani katika nchi tano za Afrika: Rwanda, Ghana, Nigeria, Kenya na Côte d'Ivoire. Sharti ni kwamba serikali ya nchi husika itie saini kwanza mkataba wa kuilipia huduma hiyo kila mwaka kwa fedha zake yenyewe, ndipo fedha za Marekani za kujenga miundombinu zitolewe. Tanzania haimo katika orodha hiyo. Nilisoma habari hizo nikiwa kaskazini mwa Ujerumani, ninakofanya kazi ya uuguzi, na siku nzima sikuweza kuwaza jambo lingine, kwa sababu anga la Ziwa Victoria upande wetu lilikwisha kupitiwa na ndege za aina hiyo miaka saba kabla ya tangazo lile.

Mwaka 2018 shirika la usafirishaji wa vifurushi la DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na kampuni ya Wingcopter, inayotengeneza ndege zisizo na rubani (droni), walifanya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa kutoka bara hadi Ukerewe, kisiwa cha Tanzania katika Ziwa Victoria. Ndege ile ilipaa wima kama helikopta, kisha ikalaza rafadha zake na kuruka kama ndege ya kawaida, ikiwa na mzigo usiozidi kilo nne, ikavuka kilomita 60 za maji kwa wastani wa dakika 40. Iliporudi iliweza kubeba sampuli za maabara. Anayeijua njia ya kuzunguka kwa gari kupitia Bunda, Kisorya na kivuko cha kwenda Rugezi anajua kwamba safari hiyo ya kilomita 240 hivi inakula saa sita, na hapo ni iwapo hukukuta foleni. Visiwa vya Ukerewe vina karibu watu 400,000. Kwa kipimo chochote cha kitaalamu, jaribio lilifaulu. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mwanza ikapokea wahandisi na wataalamu kutoka mataifa mengi katika mkutano wa Lake Victoria Challenge, wakarusha ndege zao na kujadiliana jinsi ya kuvifikia visiwa vyetu. Baadaye wakafunga mizigo yao wakaondoka.

Huku ninakoishi, watu wachache wanakumbuka kwamba mradi ule ulikuwa umepita kwanza katika kisiwa chao. Mwezi Septemba mwaka 2014 DHL ilianza kupeleka dawa kwa droni kutoka bandari ya Norddeich hadi Juist, kisiwa chembamba katika Bahari ya Kaskazini chenye wakazi wapatao 1,500, umbali wa kilomita 12 tu. Kutoka Juist wakaenda kujaribu katika milima ya Bavaria, kutoka Bavaria wakaja Ukerewe, na mwaka 2021 DHL ikatangaza kuacha kabisa kuendeleza ndege hizo. Kwa hiyo Juist na Ukerewe walipata kitu kimoja na wakakipoteza kwa namna moja. Tofauti yote iko katika kile kilichobaki baada ya jaribio kwisha.

Droni ilipoondoka, Juist hakikupoteza chochote cha lazima. Kivuko chake hutegemea maji kujaa na kupwa, kwa hiyo mara nyingi huenda mara moja tu kwa siku, lakini kuna ndege ndogo za abiria, na mtu akizidiwa usiku wa manane huja helikopta ya uokoaji kutoka bara, bila mtu yeyote kumwuliza kama ana fedha za mafuta. Huduma hiyo hailetwi na huruma ya kampuni wala ya mfadhili. Inalipwa na bima ya afya, ambayo waajiriwa walio wengi huichangia kisheria: asilimia 14.6 ya mshahara na nyongeza kidogo, nusu akitoa yeye na nusu mwajiri wake. Mimi nakatwa kila mwezi, na sijawahi kukatwa fedha kwa moyo mweupe kuliko hizo. Droni ya Juist ilikuwa nyongeza juu ya mfumo uliokwisha kusimama. Ya Ukerewe ilipoondoka, mgonjwa wa Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, alirudi kuangalia ratiba ya meli.

Nisieleweke vibaya kwamba Ujerumani haina visiwa vilivyoachwa. Kisiwa cha Sylt, ambacho ni cha matajiri, kilifungiwa wodi ya wazazi mwaka 2014, na tangu hapo wajawazito wake huvuka kwenda bara kusubiri siku zao. Wakazi walilalamika na bado wanalalamika. Lakini hata wao wanajua ni mlango gani wa kubisha, kwa sababu kila huduma ina mlipaji anayejulikana.

Naomba niseme kidogo kuhusu damu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na ndiyo kiini cha jambo hili. Damu iliyochangwa haikai milele: chembe nyekundu hudumu siku 35 hadi 42 zikiwa katika ubaridi, kulingana na kihifadhio kilichotumika, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku chache tu. Hospitali ndogo ya kisiwani haiwezi kuweka akiba ya makundi yote ya damu kwa wingi, kwa sababu nyingi itaharibika kabla ya kupata mgonjwa. Ikiweka kidogo, siku atakapokuja mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, na kundi lake ni lile lisilo la kawaida, chupa haipo. Mama wa namna hiyo hawezi kusubiri saa sita. Kinachohitajika ni akiba moja kubwa mahali pamoja, kwa mfano Mwanza kwenye kituo cha kanda cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na njia ya haraka ya kuifikisha kwa anayeihitaji. Hilo ndilo Rwanda walilolifanya kuanzia Oktoba mwaka 2016 walipofungua kituo cha Muhanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulionyesha kwamba hospitali zilizohudumiwa kwa droni zilipata damu mapema kuliko kwa barabara kwa zaidi ya saa moja, na kwamba damu iliyotupwa kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Yaani jitihada za wachangia damu hazikumwagwa tena kwa wingi kama zamani.

Rwanda hawakuwa na fedha kuliko sisi. Waliingia mkataba, wakaweka malipo katika bajeti yao, na wizara yao ya afya ikalifanya jambo hilo kuwa kazi ya kila siku. Sisi nasi tulikuwa na nafasi hiyo. Mwezi Agosti mwaka 2017 ilitangazwa kwamba Zipline na Bohari ya Dawa ya serikali wangejenga vituo vinne nchini, cha kwanza Dodoma, vya kuhudumia zaidi ya vituo vya afya 1,000, na kwamba kazi ingeanza mwanzoni mwa 2018. Mwaka 2018 ukapita bila kituo kufunguliwa. Leo ndege hizo zinaruka kutoka Chemelil, kaunti ya Kisumu, kuhudumia magharibi mwa Kenya, kando ya ziwa hili hili tunaloogea na kuvua samaki.

Atatokea wa kuniuliza: droni za nini wakati vivuko vyenyewe havitoshi? Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mwaka ule ule wa majaribio, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, jirani ya Ukerewe, kikiwa kimejaza watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Nani wa visiwani hakuzika? Kisiwa kimoja kilikuwa kikipelekewa dawa kwa teknolojia ya kisasa kabisa huku jirani zake wakifa kwa sababu ya usimamizi mbovu wa abiria. Kwangu mimi usalama wa kivuko unatangulia, na serikali iliyojenga kivuko kipya, MV Ukara II, baada ya msiba ilifanya lililo sahihi. Hata hivyo kivuko salama bado hakivuki ziwa kwa dakika 40, wala hakiondoki saa nane za usiku kwa ajili ya chupa mbili za damu.

Tena tumekwisha kuthibitisha kwamba tukiamua tunaweza. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi katika Ziwa Victoria, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700 za mapato ya ndani, na wagonjwa wa Sengerema na Geita wanaopelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, hawalali tena kwenye foleni ya kivuko. Daraja lilivuka kutoka awamu moja ya uongozi hadi nyingine kwa sababu lilikuwa katika bajeti, mwaka baada ya mwaka, na wabunge wa kanda walikuwa wakiliulizia. Droni ya Ukerewe haikuwahi kuwa na mstari wake katika bajeti yoyote, kwa hiyo hapakuwa na mbunge wa kuuliza imekwenda wapi.

Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025, na tangazo la Novemba linaonyesha mwelekeo mpya: atakayesaidiwa ni yule aliyekwisha kuamua kulipa. Sipendi kuona afya ya Waafrika ikipangwa na wizara ya Washington, ila sharti hili moja tungepaswa kujiwekea wenyewe tangu zamani.

Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni. Ninaloliomba kwa ndugu zangu wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome ni kwamba wabunge wao wamwulize Waziri wa Afya maswali yanayojibika kwa tarakimu: ni wagonjwa wangapi wa visiwani waliokosa damu mwaka uliopita, kuifikisha kwa boti ya dharura kunagharimu kiasi gani, kwa droni kiasi gani, na kama Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itabeba gharama hiyo au haitaibeba. Ikionekana boti yenye mwendo kasi inatosha, basi inunuliwe, ipewe nahodha wa zamu na mafuta yake yaandikwe katika bajeti ya halmashauri. Ikionekana ni droni, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipange njia za kuruka, na malipo yatolewe kwa kila mzigo uliofika, kama wafanyavyo jirani zetu.

Sisi tulioko nje tunaweza kuchangia, na tunachangia kila panapotokea msiba. Lakini michango yetu huja baada ya mazishi, nayo haiwezi kuendesha huduma ya kila usiku.