Jimny mpya si ya mjini tu

Nimesoma makala moja ya magari ambayo mwandishi wake anadai Suzuki Jimny ya umbo jipya, ile iliyotoka Japani 2018, imekuwa gari ya kupendezea mjini na nguvu zake za porini zimepungua. Hapo sikubaliani naye. Mie nilikuwa na ya zamani ya injini ya lita 1.3, sasa naendesha hii ya lita 1.5, hapa hapa Pemba. Chini bado ni chesisi (fremu inayobeba gari) ya chuma ya mtindo wa ngazi, na ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, mbele na nyuma. Tena gia ya magurudumu manne, ambayo kwenye ile yangu ya lita 1.3 ilikuwa ya vitufe, imerudi kuwa mkono wa kuvuta kama kwenye Jimny za kabla ya hiyo. Pita njia ya udongo ya msitu wa Ngezi kwenda ufukwe wa Vumawimbi wakati wa masika ndipo utajua faida yake! Mchangani punguza upepo wa tairi, basi. Buti ni dogo kweli, lita 85 viti vikiwa wima, kwa hiyo wa magunia ya karafuu atafute gari nyengine. Mie kinachonitia wasiwasi ni chumvi ya pwani kwenye chesisi, maana kuosha kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, pekee naona hakutoshi. Wenzangu wa Unguja, nyinyi chini mnapaka nini?