Muuza bunduki anajua nini ambacho mtafiti hakijui?

Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, maana vifo vya bunduki vikitajwa akili hukimbilia magenge. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wameacha kutegemea mafaili ya polisi na hospitali peke yake, wakaenda kukaa na wanaoishi na silaha hizo: wauzaji, wawindaji, wazazi, vijana wa mitaani. Utafiti huu shirikishi nauunga mkono. Kinachonitia shaka ni namna unavyojipima.

Chukua jimbo la New Hampshire. Mwaka 2009, katika muda usiozidi wiki moja, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki duka moja, na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Mwenye duka alipopata habari, alikaa na wataalamu wa afya na wauzaji wenzake, wakaandaa mabango na maelekezo ya kumtambua mteja aliye hatarini: hajui lolote kuhusu bunduki, hajali anapewa ipi, wala hataki kujua inavyotunzwa. Mambo kama hayo anayaona mtu aliyezoea kusimama nyuma ya kaunta. Profesa angeyatoa wapi? Na kama ujumbe ungetoka kwa wanaotaka bunduki zipigwe marufuku, ungeishia kwenye pipa la taka. Ulitoka kwa wenzao, na karibu nusu ya maduka yalikutwa yameuweka mahali wateja wanapouona.

Hata hivyo, bango kubandikwa ni jambo moja, mtu kunusurika ni jingine. Hapo wakosoaji wa utafiti huu wanashika penyewe. Katika jimbo dogo vifo ni vichache mno kwa hesabu kuonyesha kama bango ndilo lililosaidia au mwaka wenyewe ulikuwa mwema.

Katika jiji la Philadelphia watafiti walijaribu kulijibu hilo. Viwanja 541 vilivyotelekezwa viligawanywa kwa kura ya bahati nasibu: vingine viliondolewa taka, vikapandwa nyasi na miti michache na kuwekewa uzio mfupi wa mbao, vingine vikaachwa vilivyo. Matokeo yaliyotolewa 2018 yalionyesha kuwa katika mitaa maskini zaidi ukatili wa bunduki ulipungua kwa asilimia 29. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito. Lakini kura haimuulizi mkazi. Jirani wa kiwanja kilichobaki na magugu na matairi ana haki ya kuuliza kwa nini upande wake ndio uwe wa kulinganishia.

Jiji la Pittsburgh ndipo palipouma. Huko wenyeji wanaoheshimika mitaani waliajiriwa kutuliza ugomvi kabla haujafika kwenye risasi. Tathmini haikuona mauaji yakipungua, na mashambulizi ya bunduki katika maeneo ya mradi yaliongezeka kuliko ilivyotarajiwa. Mtafiti aliyeshinda na watu hao miaka mingi, akala nao na kuzika nao, ataandikaje sentensi hiyo?

Watetezi hujibu kwamba fani hii iliminywa tangu utotoni, na hawasemi uongo. Mwaka 1996 Kongresi, yaani bunge la Marekani, ilizuia fedha za CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, za kuzuia majeraha zisitumike kupigania udhibiti wa bunduki. Utafiti wenyewe haukukatazwa, ila fedha zilikauka, hadi mwishoni mwa 2019 zilipotengwa dola milioni 25. Bila fedha za kudumu, mtafiti huondoka mtaani pale tu watu wanapoanza kumwamini.

Kwa hiyo ningegawa kazi. Maswali yatungwe na wenyeji, kwa sababu wanajua ugomvi unaanzia wapi. Hesabu zifanywe na mtu asiyelipwa na mradi. Na kama jibu ni baya, waliokwenda kusimama katikati ya wagomvi usiku waambiwe ana kwa ana, kabla ripoti haijafika kwa mfadhili.