Galatoni ya Mwenda tumeisikia, maneno yake bado

Jumamosi jioni, fundi wetu wa redio pale Kariakoo akishazima pasi ya kulehemu, meza yake hugeuka baraza. Tunajaa watano, sita. Kuna anayekuja na birika la kahawa, kuna anayekuja na kashata, na wengine tunakuja na mdomo tu. Mwezi uliopita mdomo wote uliishia kwa Jean-Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa wa Kongo aliyejiita Mwenda wa Bayeke, na swali lilikuwa lile lile la siku zote: vile vidole alivitoa wapi?

Kwa asiyemjua, nieleze upesi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nusu ya Afrika akirekodi ngoma na nyimbo, alimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, katika Katanga ya migodi ya shaba. Kijana ana gitaa kavu moja, lile lisilo la umeme, na sauti yake. Wimbo uitwao "Masanga" ukatoka kwenye santuri ya kampuni ya Gallotone, ukafika Bulawayo, Nairobi, Tabora, na baadaye Ulaya na Marekani. Mwaka 1969 Mwenda mwenyewe alipanda jukwaani Newport, kwenye lile tamasha kubwa la Marekani la waimbaji wa magitaa makavu. Hadi leo mpiga gitaa akitaka kukuonyesha kwamba vidole vyake vina elimu, atakupigia "Masanga", au atajaribu.

Basi pale kwa fundi watu wamegawanyika makundi matatu, na hakuna anayehama.

Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, anashikilia Cuba. Hoja yake ni santuri za GV, zile za muziki wa Amerika ya Kilatini zilizoanza kuuzwa Afrika mwaka 1933, ambazo kila mwenye gramafoni kuanzia Kinshasa hadi Dar alizicheza mpaka zikakwaruzika. Kwake yeye, chochote kilichotoka Kongo ni rumba hadi uthibitishe vinginevyo. Namheshimu mzee wetu, ila hapa ananichosha. Mwenda alipiga rumba pia, hakuna anayekataa, lakini "Masanga" haina kiuno cha rumba. Ukijaribu kuicheza rumba, miguu itagongana.

Kundi la pili linatazama kusini, na lina hoja nzito zaidi kuliko linavyojua. Reli kutoka Afrika Kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, mwaka 1910. Shaba ikashuka kusini, na vitu vikapanda: nguo, baiskeli, gramafoni, magitaa, pamoja na watu wenye nyimbo zao. George Sibanda wa Bulawayo alikuwa akiuza santuri kabla Mwenda hajajulikana, na ukisikiliza wawili hawa mmoja baada ya mwingine utaona kuna mlango ambao wote wawili waliupitia. Wamarekani wenye kofia pana nao walikuwemo. Mwimbaji wao Jimmie Rodgers alisikika huku kwetu kiasi kwamba Wakipsigis wa Kenya walimtungia wimbo, "Chemirocha" (ndilo jina lake midomoni mwao), ambao Tracey huyo huyo aliurekodi mwaka 1950.

Kisha kuna neno lenyewe. Kwa nini wazee wetu hapa Tanzania huliita gitaa kavu galatoni? Ni Gallotone hiyo hiyo, kampuni ya Afrika Kusini iliyouza santuri na magitaa ya bei ya mtu wa kawaida. Chapa ya kiwandani imekuwa jina la chombo. (Gitaa la kwanza la John Lennon, kule Liverpool, lilikuwa Gallotone kutoka Durban. Nikisema hivyo barazani hakuna anayeniamini, lakini ndivyo ilivyokuwa.)

Kundi la tatu ni la mtu mmoja, fundi mwenyewe, na mimi niko naye. Yeye anasema achana na santuri, tazama mkono wa kulia. Mwenda alichuna kwa vidole viwili: gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini kwenye nyuzi nene, cha shahada kinasimulia juu, na hesabu zao hazifanani. Ukihesabu moja-mbili unajiona uko sawa, kisha unagundua kwamba masikio yako yamekwisha hamia kwenye moja-mbili-tatu na hujui yalihama lini. Sasa chukua likembe, kile kisanduku cha vyuma kinachopigwa kwa magumba, kinachojulikana Kongo yote. Mkono huu unasema hiki, ule unasema kile, wimbo unazaliwa katikati. Gitaa lilipofika Katanga lilikuta vidole vimekwisha fundishwa kazi. Fundi anaisema hivi akiwa ameshika bisibisi, anagonga meza kwa mikono miwili kwa hesabu mbili tofauti, vikombe vinaruka, na mzee wa Cuba anageuza uso.

Mabishano haya ni matamu, na nisingependa yaishe. Lakini Jumamosi ile yaliingiliwa.

Dereva mmoja wa lori, Mkongo wa Likasi, alikuwa ameleta redio ya gari irekebishwe. Magari ya shaba hushuka kila siku kutoka Kasumbalesa kupitia Zambia na Tunduma hadi bandarini, kwa hiyo madereva wa Katanga ni wageni wa kawaida Dar. Alikaa kwenye kreti ya soda akisubiri, kimya, akitazama simu. Fundi akabadilisha wimbo, ikaja "Kijana Muke", na kijana mmoja wa kwetu, msomi wa Mlimani, akacheka: "Sasa 'kijana muke' ndiyo nini? Jamaa gitaa analijua, lakini Kiswahili, duh!"

Dereva akainua uso. Hakukasirika. Akauliza, "Munacheka nini, ndugu?" Akaelezwa. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemsikia mtoto akimsahihisha babu.

"Kijana mume, kijana muke. Ule ni binti. Bantu ba Likasi banasemaka vile. Ile njo Kiswahili yetu."

Halafu akasogeza kreti karibu, akaomba wimbo urudishwe mwanzo. Na hapo nikaona kitu ambacho kwa miaka yote ya kumsikiliza Mwenda sijawahi kukiona kwenye uso wa mtu. Alikuwa anafuata maneno. Mahali fulani alitabasamu. Mahali pengine alicheka kabisa, kwa sauti, akampiga fundi begani. Sisi sita tulikuwa tunamtazama kama watu waliokwenda sinema wakakaa nyuma ya nguzo.

Nimeliwaza sana lile begani. Tunaobishana juu ya Mwenda hapa pwani tunamsikiliza jinsi Mmarekani anavyomsikiliza: tunasikia nyuzi. Mmarekani ana udhuru, hajui lugha. Mtaalamu wa Kizungu, David Rycroft, alikaa mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaandika gitaa la Mwenda kwa nota, mlio kwa mlio, na ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini mtu huyu aliimba Kiswahili! Hatuhitaji mkalimani. Tunahitaji masikio, na sikio letu tumelifunga kwa sababu mtu alisema "muke" badala ya "mke", "bantu" badala ya "watu".

Najua tulikofundishwa. Darasa la tano alihamia kwetu mtoto aliyekulia ng'ambo ya ziwa, upande wa Kalemie. Siku ya kwanza akasema "mulangu" kwa mlango, mwalimu akamrudisha mbele ya darasa aseme tena, na tena, mpaka darasa zima likamshika jina hilo. Aliitwa Mulangu hadi anamaliza shule. Nami nilimwita hivyo. Huwezi kulelewa namna hiyo halafu ukamsikiliza mshairi wa Katanga kama mshairi. Utamsikiliza kama mgeni anayejitahidi.

Na mshairi ndiye. Kiswahili cha Katanga ni lugha iliyochanganywa na misafara ya biashara kwanza, kisha na migodi. Kampuni ya shaba ilikusanya watu kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka Rhodesia Kaskazini, ikawaweka kambi moja, na wakalazimika kupatana kwa lugha moja. Mtoto wa hapo hazungumzi Kiswahili kilichoharibika njiani kutoka Zanzibar. Anazungumza lugha ya mama yake. Mwenda alitunga ndani ya lugha hiyo, kwa watu wa hiyo lugha, na maneno yake yana harufu ya mahali. Angalia hata majina ya nyimbo. "Tambala Moja": kitambaa, leso, kile kitu kidogo ambacho mpenzi humpa mpenzi. "Bibi Theresa": Mtanzania akisikia "bibi" anamwona mwanamke mwenye mvi na mkongojo, ilhali Katanga, kama Kenya, bibi anaweza kuwa mke wa mtu. Je, umewahi kusikiliza wimbo mzima ukidhani unahusu ajuza? Mimi nimewahi. Miaka.

Na "Masanga" yenyewe? Mzee wa Cuba alikuwa akituambia kwamba ni pombe, maana kwa Kilingala masanga ni kinywaji. Dereva akasema hapana, kwao ni masanga njia, pale njia zinapokutana. Njia panda. Sikudai ushahidi, ila nilitulia kidogo. Gumba linakwenda njia yake, cha shahada njia yake.

Kuna jambo jingine ambalo linanifanya nione aibu kidogo, na hili ni la Watanzania hasa. Wayeke hawa wa Mwenda ni akina nani? Ni watu waliotoka huku. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara na wawindaji wa Usumbwa na Unyamwezi walivuka kwenda kununua shaba na pembe za ndovu, na mmoja wao, Msiri, akabaki, akajenga dola na mji wake Bunkeya. Wabelgiji walipomtaka na msafara wao ukamuua Desemba 1891, msafara huo nao ulikuwa umeanzia pwani yetu. Mwenda ni jina la kifalme la ukoo huo, na mwanamuziki wetu ni mtoto wa Bunkeya. Kwa hiyo yule tunayemcheka kwamba Kiswahili kimempita kushoto, babu zake walitembea kwa miguu kutoka kona ya Kahama.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na santuri moja ya Mwenda, ndani ya bahasha ya kaki. Aliinunua Tabora. Alikuwa na galatoni pia, ameifunga penseli shingoni kwa mpira wa baiskeli ili kupandisha sauti, na alichuna kwa vidole viwili bila kufundishwa na yeyote tunayemjua. Juu ya ile bahasha aliandika kwa kalamu ya risasi: "Msumbwa aliyepotea." Tukiwa watoto tulidhani ni jina la wimbo. Nimekaa nayo miaka ishirini nikidhani mzee alikosea.

Athari zake Mwenda mwenyewe kwa wengine zinajulikana zaidi, kwa hiyo sitakaa hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja Nairobi, akapata kipindi cha redio, na vijana wa Kenya wakasogea karibu na spika. Binamu yake Edouard Masengo naye akaja. Magharibi mwa Kenya tayari kulikuwa na mkono wao, wa kina George Mukabi wa Kisa, gumba likipiga nyuzi nene na kidole kikivuta mlio, huku chupa ya soda ikigongwa pembeni, wanauita omutibo. Nani alimpa nani, wapenzi wa Mukabi na wapenzi wa Mwenda watabishana mpaka kiyama. Mimi ninachokisikia ni kwamba Mukabi naye, katika "Sengula", anaimba Kiswahili kilicholala kwenye mdomo wa Mluhya, na kwamba uzuri wa wimbo uko hapo hapo. Kisafishe kiwe cha mtihani wa kidato cha nne, na utabaki na nyuzi.

Mwenda alifariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Nilimtajia dereva. Akasema barabara anaijua, akaangalia saa, akauliza kama redio imekwisha.

Ilikuwa tayari. Fundi akamrudishia, akakataa pesa ya kulehemu, akachukua ya kifaa tu. Kisha akamwomba neno moja: akipita tena na mzigo, aje Jumamosi, akae nasi, atuelezee zile nyimbo mstari kwa mstari, na sisi tutaandika. Msomi wa Mlimani alikuwa amekwisha toa daftari.

Dereva akacheka. "Mutaandika na 'muke', ama mutatengeneza?"

Tukaangaliana. Mzee wa Cuba ndiye aliyejibu. "Tutaandika ulivyosema, bwana. Muke."

Wiki ya tatu sasa hajapita. Kreti ya soda bado iko pale alipoisogeza, na hakuna anayeikalia.