Sufu ioshwe hapa hapa mlimani, kondoo waliko

Kila mazungumzo ya sufu yanapoanza hapa Kapchorwa, upande wa Uganda wa mlima Elgon, yanaanzia kwa kondoo dume. Watu wanataka mbegu. Mradi ukija, unaleta madume. Mgombea akiahidi, anaahidi madume. Kijana akivuka Suam kwenda Kitale kufanya vibarua, anarudi akiuliza bei ya dume la Merino. Sina ugomvi na mbegu nzuri. Sisi wenyewe nyumbani tunafuga chotara wa Corriedale, aina iliyopatikana New Zealand karne ya 19 kwa kuchanganya Merino na Lincoln, na mbegu yetu ilitoka upande wa Kenya, ambako nyanda za juu zimewazoea kondoo hawa siku nyingi. Lakini kwa muda wote ambao familia yetu imeendesha kiwanda kidogo cha nyuzi, nimeona wazi kwamba tunakwama kwenye kuosha. Na nashikilia kwamba kuosha, kuchana na kusokota kufanyike huku huku kwenye miteremko ya Elgon, katika viwanda vidogo vya familia.

Sufu mbichi ina mafuta, chumvi ya jasho, vumbi, kinyesi kilichokauka na mabaki ya majani. Kilo 10 zikioshwa vizuri, ukibaki na 5 au 6 umebahatika. Kwa kondoo wanaolala kwenye boma lenye matope, zinabaki chini ya hapo. Maana yake ni kwamba anayepakia sufu mbichi kwenye lori kwenda Kampala analipa nauli ya uchafu, na mnunuzi anayejua kazi yake atakata bei kufidia uchafu huo, tena atakata zaidi ya inavyostahili kwa sababu hajui ndani ya gunia mna nini. Mfugaji anapokea pesa kiduchu, anakasirika, na mwaka unaofuata anauza kondoo kwa mchinjaji. Nimewaona majirani wakifanya hivyo, na siwalaumu.

Sisi tunalipa kwa kilo iliyooshwa. Mwanzoni jambo hili lilileta maneno. Mzee mmoja jirani yetu alileta gunia lake, tukalipima mbele yake, kisha akaambiwa malipo yatasubiri mpaka sufu ioshwe na kukauka.

"Binti yangu, hapo unataka kunipunja," akasema.

"Hapana, mzee wangu. Kaa uone tunavyoosha, ukirudi tutapima tena pamoja."

Alikaa. Aliona maji ya pipa la kwanza yanavyotoka meusi. Siku sufu ilipokauka alirudi, akasimama kwenye mizani, akatikisa kichwa na kupokea pesa yake bila neno. Msimu uliofuata manyoya ya tumbo na ya miguu alikuwa ameyatenga kwenye mfuko wake, na yale ya mgongoni ameyakunja safi. Hakuna semina iliyomfundisha. Bei ndiyo iliyomfundisha, na hiyo ndiyo sababu nataka kila anayenunua sufu huku alipe hivi.

Kuosha kwenyewe kunahitaji mtu mwenye subira. Kwanza sufu inalowekwa usiku kucha kwenye maji baridi ya mvua, ambayo hayana chumvi na hayabishani na sabuni. Jasho lote linatoka hapo. Maji hayo hatuyamwagi mtoni. Yana potasiamu nyingi, kwa hiyo yanaenda kwenye migomba. Kisha linakuja pipa la moto, maji ya nyuzi joto 60 hivi, yenye sabuni ya kuoshea vyombo. Mafuta ya sufu yanaanza kuyeyuka karibu nyuzi 40, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaacha sufu kwenye pipa mpaka maji yapoe, mafuta yanaganda tena kwenye manyoya, na siku ya kuchana inanata kama gundi. Sufu haisuguliwi. Inazamishwa kwa viganja vilivyokunjuliwa, inaachwa itulie, inainuliwa ikiwa imekunjwa vile vile. Ukiisugua, au ukiitoa kwenye maji ya moto ukaitupa kwenye maji baridi, vigamba vya unywele vinakamatana na unabaki na kipande kigumu ambacho hakuna mashine itakayokifungua. Maji ya kusuuzia lazima yawe na joto lile lile. Mwisho inaanikwa kivulini juu ya wavu wa waya, upepo upite chini na juu.

Mama mkwe wangu ndiye anayepanga sufu kabla ya kuoshwa, na katika eneo letu sijaona mkono wa kumshinda. Anachukua fundo, analivuta karibu na sikio. Likilia kama uzi unaokatika, unyoya una udhaifu katikati, pengine kondoo aliugua au alikosa malisho wakati wa kiangazi, na uzi wake utakatika kwenye gurudumu. Fundo hilo linakwenda kwenye rundo la kujazia mito ya kulalia. Analipwa kwa kilo kama mfanyakazi mwingine yeyote. Hili nalisisitiza kwa familia zinazotaka kuanza, kwa sababu biashara nyingi za nyumbani zinakufa pale mama na watoto wanapofanya kazi bure na pesa yote inapita mkono mmoja.

Adui wetu mkubwa kuliko uchafu ni kishona nguo. Kila mtu aliyewahi kupita shambani baada ya mvua anaijua ile mbegu yenye miba miwili au mitatu inayong'ang'ania suruali. Kwenye kondoo inaingia mpaka kwenye ngozi. Kuosha hakuiondoi. Ikipita kwenye mashine ya kuchania inavunjika vipande vidogo, vipande vinasokotwa pamoja na uzi, uzi unafumwa sweta, na mwishoni ni mtoto darasani anayejikuna shingo mpaka jioni. Dawa yake iko malishoni: kufyeka kabla mimea haijakomaa, na kunyoa wakati wa ukavu, kati ya Desemba na Februari. Wakati huo pia ni salama zaidi kwa kondoo, maana aliyenyolewa akinyeshewa kwenye baridi ya huku juu anaweza kufa usiku mmoja. Wetu wanalala bandani mpaka manyoya yaanze kurudi.

Na tafadhali, sufu isiwekwe kwenye magunia ya nailoni. Nyuzi za gunia zinachomoka, zinajichanganya na sufu, hazionekani mpaka siku ya kutia rangi, ndipo unaona mistari myeupe katikati ya kitambaa chekundu. Tumia gunia la katani au shuka kuukuu.

Wapo wanaosema tunahitaji kiwanda kikubwa, na wanataja Jinja. Ni kweli kwamba Nytil, kiwanda cha nguo, ilijengwa pale karibu na umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na iliivisha nchi hii. Lakini Nytil ilisimama juu ya pamba, na pamba ililimwa na maelfu ya wakulima kutoka Busoga mpaka Teso na Lango. Sufu ya Sebei, eneo letu hili, haina wingi huo. Mashine kubwa inataka tani, na isipopata tani inasimama, na mkopo hausimami. Mashine yetu ya kuchania, yenye roleri za meno ya waya, inaendeshwa na mota ndogo, na umeme ukikatika tunaizungusha kwa mkono. Gurudumu la kusokotea halihitaji umeme kabisa. Kule Nanyuki, Kenya, akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers walianza mwaka 1977 kwa kusokota na kufuma kwa mkono, na mazulia yao yanajulikana mbali. Hawakusubiri kiwanda.

Wakulima wa kahawa wa mlima huu huu wanalielewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Kahawa ya arabika iliyomenywa na kuoshwa karibu na shamba siku ile ile iliyochumwa ina bei, na ile iliyokaa kwenye gunia ikachacha haina. Hakuna anayependekeza matunda mabichi ya kahawa yasafirishwe mpaka Kampala ndipo yamenywe. Basi kwa nini sufu?

Wengine wanatamani wanyama wa kigeni. Wanasikia habari za alpaka, mnyama wa manyoya wa Peru, au za mbuzi wa Angora ambao Lesotho imejipatia jina kwa manyoya yao yaitwayo mohea. Mbuzi wa Angora ananyolewa mara mbili kwa mwaka na hawezi kabisa mvua ya baridi akiwa amenyolewa. Elgon ni mvua ya baridi. Tuwatunze vizuri kondoo tulionao kwanza.

Soko nalijua lilivyo. Agosti 2023, Rais Museveni akiwa Mbale alitangaza marufuku ya mivumba, yaani nguo za mitumba, lakini nenda soko lolote leo, sweta zimejaa, nzuri, za bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Sweta yetu haiwezi kupigana na hiyo kwa bei, na sitaki wafugaji wadanganywe kwamba itaweza. Tunachouza ni blanketi nzito, mazulia, kofia kwa wanaokuja kuona maporomoko ya Sipi, na uzi kwa mafundi wanaotaka sufu halisi. Sufu nyembamba ya mgongoni inakwenda kwenye uzi. Ya kati inakwenda kwenye mazulia. Ngumu inajaza mito na magodoro. Ile iliyojaa kinyesi isiyofaa kuoshwa tunaitandaza chini ya mibuni, inashika unyevu na kuoza polepole ikitoa naitrojeni. Kila rundo lina kazi, na kazi hizo zote zinawezekana pale tu mtu mwenye macho anapolipanga fungu moja moja, kitu ambacho lori la magunia haliruhusu.

Kwa hiyo ofisi ya mifugo ya wilaya ikiniuliza pesa zinazofuata ziende wapi, jibu langu liko tayari. Madume yasubiri msimu mmoja. Kila kata inayofuga kondoo wa sufu ipewe matangi mawili ya maji ya mvua, mapipa matatu, jiko linalobana kuni, wavu wa kuanikia, na mizani iliyopigwa muhuri ambayo kila mfugaji anaweza kuisoma mwenyewe. Bei ya kilo iliyooshwa ibandikwe ukutani kabla ya Desemba, na anayenunua chini ya hapo aeleze sababu mbele ya wenye kondoo.