Ulimi si kila kitu

Kuna mwandishi anayesema kampuni zinazogawa soda bure viwanjani na kupiga muziki zinachoma hela, kwani mteja huangalia ladha na bei tu. Hapana jamani. Mwaka 1985 Coca-Cola walibadilisha ladha yao Marekani baada ya kuwaonjesha watu karibu 200,000, na wengi waliipenda ile mpya. Ilipoingia madukani watu wakaja juu, simu za malalamiko zikamiminika, na siku 79 baadaye ya zamani ikarudishwa. Waonjaji waliulizwa habari za ulimi, za kumbukumbu hawakuulizwa.

Sisi soda tulikunywa Idi kwa Idi. Chupa moja ya kioo, binamu watatu, Bibi akishika kwa ukucha mahali kila mmoja anapotakiwa kuishia. Mpaka leo nikisikia kizibo kikifunguka namkumbuka yeye kwanza, kiu baadaye. Kijana wa kampuni ya soda anayekukaribisha kwenye hema lao uwanjani uonje, ucheze, upige picha na wenzako, anaifunga bidhaa yake kwenye siku uliyofurahi. Kinachoniuma ni kuona mahema hayo yakipigwa hata kwenye sherehe za watoto wa chekechea, ambao lebo ya sukari hawajui kuisoma.