Jini wa Zambarau wa Michenzani

Ghorofani Michenzani, hapa mjini Unguja, hakuna shamba, ila ubishi wangu miye haukosi pa kuota. Nikanunua sokoni Darajani taa ya kukuzia mimea, wati 100, ile yenye vitaa vyekundu na vya buluu. Ikiwaka, chumba kizima zambarau. Nikajaza udongo ndoo nne za rangi, nikafukia kunde, taa nikaitundika kwenye bomba la pazia.

Hesabu yangu: jua la kwetu kwa siku ni masaa 12 tu, likizidi limezidi kama nusu saa. Nikiwasha masaa 24, si nitavuna kwa nusu ya muda? Mama akauliza, "Na hizo kunde zitalala saa ngapi?" Nikacheka. Nimesoma miye!

Zikaota, yakhe. Majani kama viganja vya wachukuzi wa bandarini. Zikapanda pazia, zikalizinga, asubuhi moja nikakuta zimeshafika kwenye feni. Mwezi wa pili huo, ua hata moja! Na taa inakula uniti 2.4 kwa siku, Tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla, inalia ukutani kama kifaranga kilichopotezana na mamake.

Kumbe huko chini watu wanaliona dirisha langu linawaka zambarau usiku kucha. Siku moja nafungua mlango, nakuta chetezo cha ubani kinafuka kizingitini. Bibi wa ghorofa ya chini keshamwambia mama, kwa sauti ya chini ya kusikika jengo zima: "Mwanao kafuga."

Hela ya umeme ikakata. Nikawa nawasha mchana, magharibi nazima. Haikufika mwezi, maua hayo! Nikamfuata bwana shamba mmoja. Akacheka mpaka akavua miwani. Kunde zetu nyingi, anasema, hutazamia urefu wa usiku ndipo zitoe maua, nami nimezikesheza miezi miwili kama maharusi.

Mama hakusema kitu. Alichuma majani, akayapika kwa nazi, akanipakulia, akakaa ananitazama ninavyokula.

Mavuno yalikuwa kikombe kimoja cha chai, nacho hakikujaa. Ninazipepeta kibarazani, yule bibi akapita, akasimama mbali kidogo.

"Yule wako kahama?"

"Kahama, bibi."

"Alhamdulillahi." Akasogea, akachungulia ungo. "Kakuachia kunde hizi tu?"