Mtoto Mchanga Hazoei Spika
Kwenye harusi moja hivi karibuni, mama aliyekaa karibu na spika akiwa na mtoto mchanga alimwomba mshereheshaji apunguze sauti. Alijibiwa kwa kipaza sauti, "Atazoea tu, mama," na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Hazoei, anaharibiwa. Seli za nywele, zinazogeuza sauti kuwa ishara za neva ndani ya koklea, kiungo cha kusikia cha sikio la ndani, ni takriban 15,000 tu kwa kila sikio, nazo huumbwa mtoto akiwa bado tumboni, basi. Kuku akizipoteza huotesha nyingine, jambo lililothibitishwa mwaka 1988, ilhali sisi wenye elimu na mitambo ya muziki hatuna uwezo huo.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba seli hizi hulelewa kwa uangalifu mkubwa mno kabla hatujaanza kuzishambulia. Panya huzaliwa viziwi na huanza kusikia karibu siku ya 12. Kabla ya hapo, seli zao za nywele za ndani huwa na vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupitisha ujumbe, vilivyoundwa kwa protini za alfa-9 na alfa-10, na nyuzi za neva kutoka shina la ubongo huzifikia moja kwa moja na kuzituliza pale zinapotoa ishara zenyewe, bila sauti yoyote kutoka nje. Usikivu ukishaanza, nyuzi hizo huachana na seli za ndani, na vipokezi vya aina hiyohiyo huendelea na kazi kwenye seli za nje, zile zinazokuza sauti hafifu, vikiwa kama breki mkononi mwa ubongo.

Nakubali, shingo upande, kwamba breki hiyo hutukinga kiasi, kwa kuwa panya walioongezewa alfa-9 kwa njia ya jeni walidhurika kidogo kuliko wenzao walipowekwa kwenye kelele kali. Lakini kinga ya kiasi si leseni ya kumlaza mtoto mbele ya spika yenye kimo cha mtu mzima. Sindano ya gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, nayo huweza kuua seli hizohizo, ila daktari angalau hupima dozi.

Shirika la Afya Duniani, kwa vifaa vya kusikilizia muziki, linapendekeza watoto wasizidishe wastani wa desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Programu za kupima desibeli zimejaa kwenye simu, na mwenye ukumbi asiyekuwa nayo hajaitafuta.